Kiungani Haikuishia Unguja

Vijitabu vya jubilei za shule zetu hufanana. Ukurasa wa kwanza una picha ya mwanzilishi, wa pili una orodha ya wakuu wa shule na miaka yao, kisha yanafuata majengo: bweni lilijengwa lini, bwalo liliezekwa upya lini, maabara ilifunguliwa na kiongozi gani. Wanafunzi hungoja kurasa za mwisho, na wanaopata nafasi ni wale waliofika kwenye vyeo. Mpangilio huo unavumilika kwa shule ambayo kengele yake bado inalia. Kwa shule iliyokwisha haufai kitu, maana ukishaondoa majengo na wakuu wake hubakiwi na la kusimulia. Chuo cha Mtakatifu Andrea cha Kiungani, Unguja, ni shule ya namna hiyo. Mwaka 1925 kilihamishiwa Minaki, karibu na Kisarawe, na Kiungani ikaacha kuwa makao yake. Ninachodai hapa ni kwamba historia ya Kiungani haiandikiki kutoka Kiungani. Mahali pa kuiandikia ni bara, hasa ukanda unaoanzia Bonde, ukapita Korogwe na kuishia Handeni, kwa sababu huko ndiko mavuno yake yalikopelekwa. Na katika waliosoma hapo, anayeweza kuibeba hoja hii vizuri ni Martin Kayamba, ambaye alikitumikia chuo chake na jamii yake tangu ujana hadi kufa, na karibu utumishi huo wote aliufanya nje ya uzio wa shule iliyomlea.

Tuanze na chuo chenyewe. Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyojulikana kwa ufupi kama UMCA, ilifika Unguja mwaka 1864 chini ya Askofu Tozer na Edward Steere. Wanafunzi wake wa kwanza hawakuletwa na wazazi. Walikuwa wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa na kukabidhiwa kwa misheni, na miongoni mwao alikuwamo John Swedi, ambaye mwaka 1879 alipewa ushemasi. Cecil Majaliwa, mtoto mwingine aliyeokolewa utumwani, alikuwa kasisi mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kufika daraja hilo. Kwa hiyo Kiungani ilianza kama shule ya watoto waliopotezewa kwao, na jambo hili linawahusu watu wa Handeni kuliko linavyosemwa. Njaa kubwa ya Uzigua katika miaka ya 1830 iliwafanya watu wengi waangukie mikononi mwa wafanyabiashara wa pwani, na baadhi yao walivushwa hadi Somalia. Vizazi vyao vilibaki na Kizigua chao katika bonde la mto Juba kwa zaidi ya karne moja na nusu, hadi vita vya Somalia vilipowarudisha baadhi yao Tanzania kama wakimbizi, na wengi wa hao wakapewa makazi Chogo, wilayani Handeni. Shule iliyoanzishwa kwa ajili ya watoto wa biashara ile ya watumwa haiwezi kuhesabiwa kuwa habari ya visiwani peke yake.

Ushahidi kwamba Kiungani wenyewe walitazama bara tangu mapema umo katika maandishi yao. Mwaka 1887 A. C. Madan alichapisha London kitabu cha masimulizi yaliyoandikwa na wavulana wa shule za misheni, wakieleza walikotoka na namna walivyokamatwa. Mwaka uliofuata, 1888, chuo kilianza kutoa gazeti la Msimulizi, moja ya magazeti ya kwanza kabisa ya Kiswahili. Ukitazama jinsi gazeti lile lilivyopangwa, unaona akili ya shule ilikuwa wapi. Habari za chuo zilichanganyika na habari za vituo: nani amefika Magila, nani amepelekwa Newala, safari ilikuwaje, mchezo uliishaje, nani amefariki. Waliokwisha kuondoka waliandika, na waliobaki darasani walisoma barua za waliowatangulia. Shule iliwafundisha wanafunzi kuandika, kisha ikawafanya wanafunzi hao kuwa waandishi wa habari zake. Shule nyingi za leo, zenye kompyuta na simu, hazijui wahitimu wake wa miaka 10 iliyopita wako wapi. Kiungani ilijua, kwa sababu iliuliza, na iliuliza kwa sababu ilitegemea majibu.

Njia ya kwenda bara ilipitia Magila, katika nchi ya Wabondei, kituo kilichofufuliwa mwaka 1875 na kukuzwa na wamisheni Farler, kisha Woodward. Kutoka hapo misheni ilifika Korogwe, kando ya mto Ruvu ambao wengi huuita Pangani, na baadaye ikafika Kideleko, karibu na mji wa Handeni. Katika kazi hii ya Uzigua W. H. Kisbey aliandaa kamusi ya Kizigua iliyotoka mwaka 1906. Majina ya Wazungu ndiyo yaliyobaki juu ya majalada, lakini mzungu mmoja katika kituo kimoja hawezi kufundisha vijiji 20. Aliyekaa kijijini, akagonga chuma asubuhi kuita watoto, akaandika herufi ubaoni, akasoma sala, akaamua ugomvi wa mipaka ya mashamba na kuandika barua za watu wasiojua kuandika, alikuwa mwalimu Mwafrika aliyesomeshwa Kiungani, au aliyefundishwa na mtu aliyesomeshwa huko. Mfumo mzima ulisimama juu ya mtu huyo. Hii ndiyo maana ya kwanza ya kusema kwamba chuo kile kilikuwa bara: mafunzo yalitolewa Unguja, lakini matumizi yake yalikuwa huku.

Martin Kayamba alizaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891. Baba yake, Hugh Peter Kayamba, alikuwa tayari mtoto wa misheni, aliyesoma Kiungani na kupelekwa hadi shule ya Bloxham huko Uingereza. Familia ilijihesabu ya Bonde, na katika nasaba yake ilidai damu ya Kilindi, watawala wa Usambara. Hapo tena tunarudi Handeni, maana masimulizi ya Wakilindi humtoa Mbegha, mwanzilishi wa ukoo, katika milima ya Nguu, huko Kilindi, eneo lililokuwa sehemu ya wilaya ya Handeni hadi lilipopewa wilaya yake mwaka 2002. Na Mazinde, ngome ya Semboja, Mkilindi aliyeitikisa Vuga, makao ya watawala hao, kwa bunduki za biashara ya misafara, iko katika wilaya ya Korogwe ya leo. Kayamba basi alizaliwa kisiwani katika familia ambayo kumbukumbu zake zote zilielekea bara. Alisoma Kiungani mwanzoni mwa karne ya 20, akafundisha kwa muda, kisha akaondoka. Alifanya ukarani Mombasa, akajaribu biashara, akafika Uganda, akarudi Unguja. Mtu aliyetarajia awe mwalimu wa misheni maisha yake yote angeweza kusema wakati huo kwamba chuo kimempoteza.

Vita vya 1914 viliigeuza hesabu hiyo. Wajerumani waliwaweka kizuizini wamisheni wa Kiingereza, na waalimu na makasisi wao Waafrika wakashukiwa kuwa wapelelezi. Wengi walikamatwa, wakapigwa, wakabebeshwa mizigo, na wapo ambao hawakurudi. Kayamba, aliyekutwa na vita katika ardhi ya Wajerumani, alifungwa pia, na alitoka pale jeshi la Wabelgiji lilipoitwaa Tabora mwezi Septemba 1916. Miezi mitatu kabla ya hapo, mwezi Juni, majeshi ya upande wa Waingereza chini ya Jenerali Smuts yalikuwa yamepita Korogwe na kuingia Handeni, na vijiji vya njia ile vilipoteza chakula na wanaume kwa majeshi na upagazi wa pande zote mbili. Vita vilipima jambo ambalo wakati wa amani haukuweza kulipima. Kama elimu ya misheni ingekuwa ya Wazungu tu, ingekufa mara Wazungu walipoondolewa. Haikufa. Palipokuwa na mwalimu au kasisi Mwafrika aliyeachwa huru, ibada ziliendelea na watoto waliendelea kukutana. Palipokuwa hapana, shule ilifungwa. Tofauti baina ya mahali na mahali ilikuwa mtu mmoja.

Baada ya vita Kayamba aliajiriwa na serikali mpya ya Waingereza katika ofisi ya Tanga, na huko ndiko alikofanya kazi inayostahili kukumbukwa kuliko zote. Mwaka 1922 alianzisha Tanga chama cha watumishi Waafrika wa serikali, kilichojulikana kwa herufi TTACSA. Mtu akikiangalia kwa karibu ataona shule iliyohamia mjini. Kilikuwa na chumba cha kukutania, magazeti na vitabu vya kusoma, masomo ya Kiingereza baada ya saa za kazi, na timu ya mpira. Hayo yote yalikuwa mazoea ya Kiungani: kusoma pamoja, kucheza pamoja, kujadiliana kwa utaratibu, kuandika kumbukumbu za kikao. Kilichokuwa kipya ni watu waliokaa katika viti. Aliyesomea shule ya misheni alikaa na aliyesomea shule ya serikali ya Tanga, ile ambayo Wajerumani waliianzisha katika miaka ya 1890 na iliyotoa makarani na maakida wengi Waislamu. Wakati wa Wajerumani makundi hayo mawili yalikuwa yakitazamana kwa jicho la pembeni. Kayamba aliwaweka meza moja, akawapa dai moja la kuwasilisha: masharti ya kazi na mishahara ya haki kwa Waafrika walioelimika.

Hapa ndipo ninapoona maana ya pili ya hoja yangu. Mwanafunzi wa zamani anaweza kuilipa shule yake kwa njia mbili. Ya kwanza ni kurudi na kuijengea darasa. Ya pili ni kuchukua kile ambacho shule ilikifanya kwa wachache na kukifikisha kwa wale ambao hawakuwahi kuingia langoni. Njia ya kwanza huonekana, huwekewa jiwe la msingi na hupigwa picha. Ya pili ni ngumu kuipima, lakini ndiyo inayobaki shule ikifungwa. Kayamba alichagua ya pili. Alikuwa pia miongoni mwa Waafrika wachache wa kizazi chake waliokaa katika kamati ya kuishauri serikali juu ya elimu ya Waafrika, wakati ambapo swali la nani asaidiwe na serikali, shule zipi zipewe ruzuku na watoto wafundishwe nini lilikuwa linaamuliwa karibu lote na Wazungu. Mwaka 1931 alikwenda London pamoja na Francis Lwamugira wa Bukoba na Chifu Makwaia wa Usukuma kutoa ushahidi mbele ya kamati ya pamoja ya Bunge la Uingereza, wakapinga Tanganyika kuunganishwa na Kenya kwa hofu kwamba walowezi wangeitawala. Safari hiyo aliiandikia kitabu cha Kiswahili, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza, kilichotoka mwaka 1932, ili msomaji wa Muheza au Korogwe aone kwa macho yake nchi ile iliyokuwa inamtawala. Mwaka huo huo wa 1932 alihamia makao makuu ya serikali Dar es Salaam kwa cheo ambacho hakuna Mwafrika mwingine alikuwa nacho. Alifariki kabla hajatimiza miaka 50, na kitabu chake kuhusu matatizo ya Afrika kilichapishwa mwaka 1948, yeye akiwa kaburini.

Pingamizi la kwanza dhidi ya kumkumbuka mtu huyu liko wazi: alikuwa karani wa mkoloni. Alipokea nishani ya Mfalme wa Uingereza, aliamini utawala ungeweza kurekebishwa kwa hoja na barua za adabu, na alitazama kwa mashaka vijana wa mjini waliokata uhusiano na wazee wa vijijini. Hayo ni kweli, na kijitabu cha jubilei kinachoyaficha kingekuwa kinadanganya. Lakini mtu hupimwa pia kwa vyombo alivyoviacha na kwa namna wengine walivyovitumia. Mwaka 1929 kilianzishwa Dar es Salaam Chama cha Waafrika, rais wake wa kwanza akiwa mwalimu Cecil Matola na mwandishi wake Kleist Sykes. Wapo wanahistoria wanaosisitiza kwamba sifa ya chama hicho ni ya watu wa Dar es Salaam wenyewe, na wana haki ya kusisitiza hivyo, maana hakuna chama kinachozaliwa na mtu mmoja. Hata hivyo wazo kwamba Mwislamu na Mkristo, Mbondei na Myao, karani na mwalimu, wanaweza kukaa katika chama kimoja chenye katiba na ada, lilikuwa limeshajaribiwa Tanga kwa miaka saba. Chama cha Waafrika kikawa TAA, na mwaka 1954 TAA ikawa TANU. Kayamba hakuiona TANU, na sidai kwamba angeipenda. Ninachodai ni kwamba mazoea ya kukaa kikao, aliyoyatoa Kiungani na kuyapeleka nje, yalitumiwa na watu waliokwenda mbali kuliko yeye.

Pingamizi la pili linatoka Handeni na Korogwe zenyewe. Wakazi wengi wa huko ni Waislamu. Wana madrasa zao, masheikh wao na elimu yao iliyotangulia misheni. Kwa nini historia ya elimu yao isimuliwe kupitia chuo cha Kianglikana? Jibu langu ni kwamba isisimuliwe kupitia hicho peke yake, na kwamba ushahidi wenyewe unakataa mgawanyiko huo mkali. Habari za Wakilindi, kitabu kikubwa kuliko vyote vya historia ya ukanda huu, kiliandikwa na Abdallah bin Hemedi, Mwislamu aliyewatumikia watawala wa Kilindi, naye Semboja wa Mazinde akiwamo. Kilichapwa kwa sehemu na mtambo wa misheni ya Magila kati ya miaka ya 1890 na 1907. Mwandishi alikuwa na habari, misheni ilikuwa na mtambo, na wasomaji walikuwa wa dini zote. Chama cha Tanga kilifanya jambo hilo hilo kwa watu walio hai. Aliyepinga mchanganyiko huo katika miaka ile alikuwa na sababu zake, lakini matokeo yapo mikononi mwetu, na hayaoneshi kwamba uliwadhuru Waislamu wala Wakristo.

Pingamizi la tatu ndilo zito kuliko yote, na sehemu yake naikubali. Kumchagua Kayamba ni kurudia kosa la vijitabu vya jubilei: kumtafuta aliyepata cheo na kuwaacha waliokaa vijijini. Mwalimu aliyekaa miaka 30 kando ya Ruvu au katika vichaka vikavu vya Handeni, akilipwa kidogo na kwa kuchelewa, hakwenda London wala hakuandika kitabu. Wasichana wa shule ya Mbweni, ambao waliolewa na waalimu hao na kuwafundisha wanawake kusoma, kushona na kulea wagonjwa, wamepotea zaidi hata ya waume zao. Kayamba anatajika kwa sababu aliandika na aliandikiwa. Lakini ndiyo maana namtumia kama shahidi na wala simfanyi kilele. Kila alichokifanya hadharani kilitegemea kuwapo kwa watu wasiotajwa. Karani hasomi barua kutoka Handeni kama Handeni hakuna aliyejifunza kuandika barua. Mwombaji hapeleki malalamiko ya shamba lake bomani kama jirani hayupo wa kumwandikia. Reli ilifika Korogwe mwaka 1902 na mkonge ukaifuata, na kwa hiyo Korogwe ilipata soko, hospitali na shule mapema kuliko Handeni, ambako reli hiyo haikufika na ukame ulirudi mara kwa mara. Mahali ambapo serikali na reli havikufika, mwalimu alifika. Anayetaka kuieleza tofauti ya wilaya hizi mbili bila mwalimu huyo ataishia kueleza mkonge.

Chuo kilipohamia Minaki kilikwenda na jina lake la Mtakatifu Andrea, na jina hilo halikukaa huko tu. Korogwe nayo ilipata chuo cha ualimu cha Mtakatifu Andrea, ambacho John Ramadhani alikiongoza kabla ya kuwa kasisi. Mwalimu huyo, mzaliwa wa Unguja, alifanywa Askofu wa Zanzibar na Tanga mwaka 1980, kisha akawa Askofu Mkuu wa Kanisa Anglikana Tanzania kuanzia 1984 hadi 1997. Mtoto wa kisiwani alikuja bara kufundisha waalimu, na leo dayosisi ya Tanga ina makao yake Korogwe. Mstari uliochorwa na wale wavulana wa mwanzo bado unaonekana, ingawa sheria ya elimu ya 1969 ilizikabidhi serikali shule nyingi za misheni, na katika makabidhiano ya namna hiyo kinachopotea kwanza ni daftari la majina. Majengo yalirithiwa, madawati yalirithiwa, kumbukumbu za nani alisoma na alikwenda wapi hazikuwa na mrithi.

Hapo ndipo kumbukumbu ya mwanafunzi wa zamani inapoacha kuwa heshima kwa marehemu na kuwa kazi kwa walio hai. Kamati ya shule ya Korogwe au Handeni inayojiandaa kwa jubilei haihitaji fedha nyingi ili kuifanya. Inahitaji kuanzia mwisho wa kijitabu na kurudi nyuma: darasa la mwaka fulani lilikuwa na nani, wangapi walikuwa waalimu, waliofundisha walifundisha vijiji gani, ni nani aliyeanzisha chama cha ushirika, zahanati, timu, kwaya au madrasa. Wazee wanaoweza kujibu wanapungua kila mwaka, na majibu yao hayamo katika ofisi yoyote. Kiungani ilifanya hivyo mwaka 1888 kwa gazeti dogo lililoandikwa na wanafunzi wenyewe, na kwa sababu hiyo leo tunaweza kuizungumzia. Shule itakayoorodhesha wakuu wake na majengo yake tu itakuwa imeandika habari za mali. Itakayowafuata wanafunzi wake hadi walikofika ndiyo itakayokuwa imeandika historia yake.